Nani atasaini? Ufundi wa ndege mbali na nyumbani

Shirika la ndege likitangaza safari mpya, habari huwa zilezile: bei ya tiketi, siku za kuruka, waziri akikata utepe, na magari ya zimamoto yakiimwagia ndege maji kwa furaha. Swali ambalo kwa maoni yangu lingetangulia yote haliulizwi. Ndege ikishatua huko ugenini, na rubani akaandika kitabuni kwamba breki moja inavuja, nani atasaini kwamba iko salama kurudi?

Saini hiyo si urasimu. Sheria za usafiri wa anga duniani kote zimesimama juu yake: ndege ya abiria iliyoguswa na fundi kwa kazi yoyote ya ukarabati haiondoki mpaka mtu mwenye leseni, na mwenye idhini kwa ndege ile ile, athibitishe kwa maandishi kwamba kazi imefanyika kama kitabu cha mtengenezaji kinavyotaka. Bila saini, ndege ya mabilioni ya shilingi inabaki chini, abiria wamejaa ukumbini, na hakuna meneja wala mwenyekiti wa bodi anayeweza kuiamuru ipae.

Ili kuelewa ugumu wake, tutenganishe kwanza aina mbili za matengenezo. Kuna yale ya karakana, ambapo ndege inaingizwa ndani, inavuliwa viti na paneli, na kukaa humo siku kadhaa au wiki nzima. Halafu kuna matengenezo ya njiani, yanayofanyika ndege ikiwa bado kazini, kwenye maegesho, kati ya kutua na kuruka au usiku inapolala. Haya ya pili ndiyo yanayobadilisha tairi na breki, kuongeza oili, kung'oa kompyuta iliyogoma na kuweka nyingine, kukagua injini iliyomeza ndege wa angani. Shirika linaweza kuipeleka ndege yake Addis Ababa au Nairobi kwa matengenezo makubwa, kwa kuwa karakana hufuatwa. Lakini matengenezo ya njiani hayafuatwi, yenyewe ndiyo yanayoifuata ndege. Kila kiwanja kipya kwenye ratiba ni mahali pengine ambapo lazima awepo mtu, vifaa na karatasi, kwa saa ile ile ndege inapofika, hata kama ni saa tisa usiku na mvua inanyesha.

Mtazame fundi anayeipokea ndege. Anaanza puani na kuizunguka yote kwa miguu, na tochi mkononi hata mchana. Anaangalia kama matundu madogo yanayopima mwendo na kimo yako wazi, hayajazibwa na wadudu. Anainama kwenye magurudumu: tairi lina mkato, limekwisha upande mmoja? Kwenye breki kuna pini fupi ya chuma inayoonyesha kiasi kilichobaki. Inasomwa breki ikiwa imekazwa, na ikiwa imezama hadi mwisho, breki hiyo imekwisha kazi. Anapita kidole kwenye ukingo wa mapanga ya injini akitafuta pengo. Oili ya injini nayo ina saa yake. Mtengenezaji ameweka muda wa kuipima baada ya injini kuzimwa. Fundi akichelewa, oili inatoka taratibu kwenye tangi na kushukia ndani ya sanduku la gia, kipimo kinasoma pungufu, na asiyejua atajaza kupita kiasi. Kazi hii nzima inafanyika huku mizigo ikishushwa, mafuta yakijazwa na wasafishaji wakipanda na kushuka.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Kila ndege ina uraia, na uraia huo umeandikwa ubavuni: 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, nchi iliyoisajili ndege ndiyo inayoamua nani anaruhusiwa kuitengeneza, popote ilipo. Ndege ya 5H ikiwa Mumbai bado iko chini ya sheria ya Tanzania kwa upande wa ufundi. Fundi Mhindi mwenye leseni ya India na uzoefu wa miaka ishirini hawezi kuitia saini kwa leseni hiyo peke yake. Lazima awe ndani ya kampuni ya ufundi iliyokubaliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, awe amesomea aina ile ya ndege pamoja na injini zake, na awe amepewa idhini ya kutumia taratibu na fomu za shirika husika. Na kama ndege ni ya kukodi na imesajiliwa Ireland, kama zilivyo baadhi ya ndege za kukodi duniani, basi kanuni za Ulaya zinaingia, hata kama rangi na jina ubavuni ni vya Kiafrika. Mkataba wa Chicago, kwenye kifungu chake cha 83 bis, unaruhusu nchi mbili kuhamishiana majukumu haya kwa maandishi. Pasipo makubaliano hayo, usajili ndio unaotawala.

Hapo ndipo uamuzi wa kununua ndege unapogeuka kuwa uamuzi wa ufundi kwa miaka mingi ijayo. Chukua Air Tanzania. Ilipofufuliwa ilianza na Dash 8 za pangaboi. Mwaka 2018 zikaja Boeing 787-8 na Airbus A220-300, na mwaka 2023 ndege ya mizigo ya 767-300 na Boeing 737 MAX 9. Hizo ni aina tano. Kila aina ina mafunzo yake, vifaa vyake na vipuri vyake. Fundi anayesaini 737 hana ruhusa ya kugusa kalamu kwenye A220. Na A220 ni adimu Afrika. Air Tanzania ndiyo iliyokuwa ya kwanza barani kuichukua. Shirika linalopeleka 737 au A320 mji wowote mkubwa hukuta mafundi wa aina hiyo tayari wapo wakihudumia wengine. Linalopeleka aina adimu hulazimika kumfundisha mtu, au kumsafirisha. Sisemi A220 ni ndege mbaya, ni nzuri na inakula mafuta kidogo. Nasema bei yake halisi haimo yote kwenye hundi iliyoandikwa kiwandani.

Kwa hiyo shirika linalofungua kituo kipya lina njia tatu, na hakuna hata moja isiyo na gharama.

Ya kwanza ni kumpandisha fundi wake kwenye ndege, aruke nayo kwenda na kurudi. Inapendwa mwanzoni kwa sababu haihitaji mkataba na mgeni yeyote. Lakini fundi huyo ni mtu mmoja, na naye huchoka. Amekaa hewani saa sita, anatarajiwa ashuke akague, asaini, apande tena, na kurudi akihesabiwa kuwa amepumzika. Na likitokea kubwa, mikono miwili na sanduku moja la vifaa havitoshi kulinyanyua gurudumu. Njia hii inafaa kwa miezi michache ya kwanza au kwa safari moja kwa wiki. Shirika linaloigeuza kuwa utaratibu wa kudumu linakopa kutoka kwenye usalama wake.

Ya pili ni kuweka mafundi wake kule, na nyumba, vibali vya kazi na vitambulisho vya kuingia maegeshoni. Ikiwa ndege zinatua mara nne kwa siku, inalipa. Ikiwa ni ndege moja inayokaa saa moja na nusu, unalipa mshahara wa siku nzima kwa kazi ya saa mbili.

Ya tatu ndiyo inayotumiwa zaidi duniani: kukodi huduma. Ama unamkodi shirika mwenyeji wa kiwanja hicho, ama kampuni inayojitegemea ambayo kazi yake ni hiyo tu, ikiwahudumia wateja wengi kwa zamu moja ya mafundi. Mkataba hutaja bei ya kila mapokezi ya ndege, bei ya saa kwa kazi isiyotarajiwa, vifaa vilivyomo na visivyomo, na nani anaitwa usiku wa manane. Kabla ya safari ya kwanza, wakaguzi wa ubora wa shirika huenda kuitazama kampuni hiyo: jeki zimepimwa lini, vitabu vyao ni toleo la sasa, stoo ya vipuri ina joto gani, mafundi wamesomeshwa fomu zetu? Mamlaka ya nchi ya usajili nayo inaweza kutaka kwenda kujionea kabla haijatoa kibali. Kazi hii yote huchukua miezi. Shirika lililotangaza tarehe ya kuanza kabla ya kuianza limejifunga lenyewe.

Jambo moja halibadiliki katika njia zote tatu: kazi inakodishwa, wajibu haukodishwi. Ndege ikianguka, mwenye cheti cha uendeshaji hawezi kusema ilikuwa kosa la mkandarasi. Ndiyo maana kinachonisumbua zaidi si spana, bali maelezo yanayopita kutoka kwa rubani kwenda kwa fundi na kutoka kituo hiki kwenda kingine. Njia yake ni kitabu cha ufundi kinachosafiri na ndege.

Kilichotokea Indonesia mwaka 2018 kinaonyesha hili kwa uchungu. Boeing 737 MAX ya Lion Air ilikuwa na hitilafu za vipimo vya mwendo na kimo kwa siku kadhaa. Tarehe 28 Oktoba, huko Denpasar, kisiwani Bali, mafundi walibadilisha kihisi cha pembe ya upepo, yaani kifaa kinachopima pembe ambayo ndege inaukabili upepo, upande wa kushoto. Kihisi walichoweka kilikuwa kimekarabatiwa awali na karakana moja ya Florida, Marekani, na kilikuwa kimekosewa kwa takriban nyuzi 21. Wachunguzi hawakukuta kumbukumbu sahihi ya jaribio la baada ya kukifunga. Usiku huo ndege iliruka kwenda Jakarta huku usukani ukitetemeka muda mwingi wa safari kuwaonya marubani, nao wakalazimika kukata umeme wa mtambo unaosukuma mkia. Walifika salama. Lakini rubani alipoandika kitabuni, aliandika tofauti za mwendo na kimo na taa moja ya tahadhari. Hakuandika kutetemeka kwa usukani wala kukata umeme. Mafundi wa Jakarta wakatengeneza walichoambiwa: wakasafisha mirija na kiunganishi. Alfajiri ya tarehe 29 ndege ikapaa na watu 189, ikaanguka baharini ndani ya dakika kumi na tatu. Kiini cha ajali kilikuwa mfumo wa Boeing unaoshusha pua ya ndege wenyewe, uliotegemea kihisi kimoja, na sitaki mtu aelewe vingine. Lakini mlolongo huo ulipita kwenye maegesho mawili usiku mmoja, na mistari miwili zaidi kitabuni huenda ingeizuia ndege ile Jakarta asubuhi hiyo.

Si kila hitilafu inaizuia ndege. Kila aina ina orodha iliyoidhinishwa ya vitu ambavyo ndege inaweza kuruka bila kuwa navyo, kwa masharti na kwa muda. Kundi moja hupewa siku tatu, lingine siku kumi, lingine siku 120, na siku ya kugundua haihesabiwi. Orodha hii ni msaada mkubwa, ila ina mtego kwa vituo vipya. Chukua injini ndogo iliyo mkiani, inayotoa umeme na upepo ndege ikiwa chini. Orodha huruhusu kuruka ikiwa imeharibika. Vizuri, lakini ukienda na ndege ya namna hiyo, tuseme 737, kwenye kiwanja kisicho na mashine ya upepo ya kuwashia injini, ukishazima umekwama. Kwa Boeing 787 mtego ni mwingine, kwa sababu yenyewe huwasha injini kwa umeme, na jenereta moja ya kawaida ya maegeshoni haitoshi. Mtu wa ratiba anaona ndege imeruhusiwa kuruka. Mtu wa ufundi anatakiwa ajue kule inakokwenda kuna nini, mpaka kwenye fimbo ya chuma ya kuivutia, kwa kuwa ya 737 haiingii kwenye A220.

Ukanda wetu una mtihani wake mwingine: radi. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, hasa usiku, na Entebbe, Mwanza, Bukoba na Kisumu ziko ukingoni mwake. Ndege kupigwa na radi si ajali, imeundwa kuhimili. Lakini ikitua lazima itafutwe alama ilipoingilia na ilipotokea. Mara nyingi radi huingia puani au kwenye ncha ya bawa, kisha huacha madoa madogo mengi mwilini kabla ya kutokea mkiani. Kwenye bati doa huonekana. Kwenye 787, ambayo mwili wake ni wa nyuzi za kaboni, uharibifu unaweza kujificha chini ya rangi, na fundi anahitaji kifaa cha kupimia pamoja na mafunzo ya kukitumia. Mkia uko mita kumi na saba juu. Je, kiwanja kina gari la kumnyanyua fundi hadi huko? Kama halipo, ukaguzi hauwezi kukamilika, saini haipatikani, na abiria wanapelekwa hotelini.

Safari ndefu zina sharti la ziada. Ndege ya injini mbili inayokatiza mbali na viwanja vya dharura hufanyiwa ukaguzi maalumu kabla ya kuondoka, na kanuni inakataza mtu mmoja kugusa kitu kilekile kwenye injini zote mbili katika zamu moja, isipokuwa kwa tahadhari zilizowekwa. Unaweza kuona sababu Miami, mwezi Mei 1983, wakati ndege ya Eastern Airlines yenye injini tatu ilipopoteza oili kwenye zote tatu. Vigunduzi vya chembe za chuma vilikuwa vimefungwa kwenye kila injini bila pete zake za mpira. Watu 172 walirudi Miami kwa injini moja iliyofanikiwa kuwashwa tena angani. Kituo kipya chenye fundi mmoja tu hakiwezi kuitimiza kanuni hiyo kikamilifu siku kazi ikilazimu.

Vipuri navyo vina safari yao. Hakuna shirika linaloweza kuweka stoo kamili kila mji, ndiyo maana mashirika mengi hushirikiana: huyu anaweka gurudumu la 737, yule anaweka breki, na mwanachama anayekwama anaazimwa kwa ada. Kinachokosekana huagizwa kwa ndege inayofuata, halafu kinakutana na forodha. Nimeona zaidi ya mara moja kipuri cha kilo mbili kikifika kiwanjani jioni na kumfikia fundi keshokutwa yake, wakati ndege imeegeshwa umbali wa kutupa jiwe. Makubaliano na forodha juu ya vipuri vya dharura ni sehemu ya kufungua kituo, sawa na mkataba wa mafuta.

Na haraka ina wawindaji wake. Mwaka 2023 iligundulika kwamba kampuni ya London iitwayo AOG Technics ilikuwa imeuza vipuri vya injini za CFM56, injini inayotumika zaidi kwenye 737 na A320 za zamani, kwa hati za kughushi. Mafundi wa TAP, shirika la ndege la Ureno, ndio walioshtuka, wakamuuliza mtengenezaji, Safran, naye akajibu kuwa hati si yake. Mashirika mabara mbalimbali yakalazimika kushusha injini kuzikagua. Hati ya kipuri ni sehemu ya kipuri. Fundi aliyeko ugenini, na abiria mia mbili wakimsubiri, ndiye anayejaribiwa zaidi kuisahau.

Juu ya haya yote, soko jipya humpima pia anayelisimamia shirika. Kenya Airways haikuweza kuruka moja kwa moja hadi New York mpaka Marekani ilipoipa Kenya daraja la kwanza la usimamizi wa usalama wa anga, Februari 2017. Ndege ya kwanza iliondoka Nairobi tarehe 28 Oktoba 2018. Tanzania imeonja upande mwingine. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa, baada ya wakala wake wa usalama wa anga kuinyima kibali, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yenye cheti cha Tanzania, ukitaja upungufu katika usimamizi wa mamlaka yenyewe. Najua wapo waliolipokea hilo kama tusi. Mimi nalisoma kama ankara: wakaguzi wachache wenye ujuzi kwenye mamlaka maana yake ni vituo vichache vinavyoweza kukaguliwa na kuidhinishwa, na bila hivyo hakuna upanuzi wa kweli, hata ndege zikinunuliwa ishirini.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, uliokwishafanya kazi kubwa ya kuzifanya kanuni za nchi wanachama zifanane. Lakini kibali bado hutolewa na kila mamlaka kivyake. Matokeo yake, ndege ya 5X ikitua Dar es Salaam na breki inayovuja, inaweza kumkuta fundi Mtanzania anayeijua breki hiyo kwa macho yaliyofumbwa, mwenye vifaa, aliye zamu, umbali wa mita hamsini, na asiwe na ruhusa ya kuisaini. Kanuni zinafanana karibu neno kwa neno. Kukubaliana kwamba saini yake iheshimiwe Entebbe, Nairobi na Kigali kunahitaji kikao na wino, na kungepunguza gharama ya kila safari mpya ndani ya ukanda huu kuliko punguzo lolote la tozo za kutua.